Mume anaogopa kodi ya Vermont, mimi nimeichoka Houston

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni nesi mwenye miaka 38. Mume wangu ni mtu wa Tanga, mimi wa Njombe, tulikutana Dar, na sasa tuko Houston mwaka wa tisa. Tuna watoto watatu: mkubwa ana miaka 12, wa kati saba, mdogo miwili na nusu. Napata kama dola 82,000 kwa mwaka. Mwenzangu anaendesha forklifti ghalani, anapata 44,000. Nyumba tulinunua kwa mkopo mwaka 2019.

Houston imenichosha. Februari 2021 baridi ilipopiga Texas nzima, umeme ulikatika tukalala na makoti, na mabomba ya jikoni yakapasuka. Julai 2024 kimbunga Beryl kikatuacha gizani tena, safari hii kwenye joto, nikiwa na mtoto mchanga wa kupepea kwa kipande cha boksi. Bima ya nyumba inapanda kila tunapoihuisha. Kodi ya jengo mwaka jana ilikaribia dola 6,000.

Sasa hospitali moja ndogo huko Vermont, ile kona ya kaskazini mashariki karibu na mji wa St. Johnsbury, imenipa kazi. Mshahara dola 86,000, zamu za mchana, na bonasi ya kusaini dola 15,000 kwa mkataba wa miaka mitatu. Nilienda kwenye usaili mwezi Oktoba. Shangazi, milima ilikuwa myekundu na ya njano, barabarani hakuna bango hata moja la matangazo, na watu wasionijua walinisalimia. Nilirudi nimeshaamua.

Baba watoto hataki hata kusikia. Anasema Texas haikati kodi kwenye mshahara, Vermont inakata asilimia 8.75, kwa hiyo tutatupa zaidi ya dola 11,000 kila mwaka, "pesa ya kujenga Tanga hiyo." Anasema huko ni kijijini, baridi itatuua, na watoto watakuwa weusi peke yao darasani. Mimi namwambia nimekulia Njombe, baridi naijua. Wenzetu kanisani wanacheka, wanatuuliza tunakwenda kufuga ng'ombe?

Kuna na jambo la mama mkwe. Huwa anakuja kutoka Tanga kukaa nasi karibu miezi sita, na mwaka ujao ni zamu yake. Baridi hiyo ataiweza?

Nishauri kama mwanao.

Mama wa Watatu, Houston

*

Marahaba mwanangu.

Mimi naishi New Hampshire, na mto Connecticut tu ndio unaonitenga na Vermont, kwa hiyo hilo eneo nalijua kwa kiangazi na kwa masika ya matope. Tuanze na kodi, maana ndiyo iliyomkaba mumeo koo.

Hiyo asilimia 8.75 ipo kweli, ila si yenu. Kodi ya mapato ya Vermont inapanda kwa ngazi. Kwa mke na mume wanaojaza ritani pamoja, takriban dola 80,000 za mwanzo hutozwa asilimia 3.35. Kutoka hapo mpaka karibu na 200,000 ni asilimia 6.6, halafu 7.6, na ile 8.75 inaanza kwenye karibu dola 300,000. Mipaka hiyo husogezwa kidogo kila mwaka. Na haitozwi kwenye mshahara mzima, inatozwa kwenye kinachobaki baada ya makato yanayoruhusiwa.

Tupige hesabu yenu. Wewe 86,000. Yeye tumpe 38,000, kwa sababu huko hatapata anazopata sasa, na hilo nitalirudia. Jumla 124,000. Vermont inaondoa kwanza punguzo la kawaida la wanandoa, kisha zaidi ya dola 5,000 kwa kila mtu wa nyumba yenu, nanyi mko watano. Zimeondoka kama 40,000. Zinabaki 84,000, na karibu zote zinaangukia kwenye ile ngazi ya 3.35. Mimi napata kodi ya kama dola 2,950. Halafu jimbo linatoa nafuu ya dola 1,000 kwa kila mtoto wa miaka sita au chini ya hapo, na huyo mdogo wenu anahesabika. Mnabaki na deni lisilofika dola 2,000 kwa mwaka. Mwonyeshe mumeo karatasi hiyo kabla hajakutajia tena elfu kumi na moja.

Texas haikati mshahara, ni kweli, lakini Texas haiendeshwi kwa maji ya mvua. Inachukua kwenye nyumba na dukani. Hapo Houston mnalipa asilimia 8.25 ya kodi ya mauzo. Vermont ni asilimia 6, baadhi ya miji inaongeza moja, na nguo na viatu havitozwi kabisa. Kwa hiyo makoti matano na jozi tano za buti za theluji mtanunua bila kodi, na mtazinunua kila mwaka kwa sababu miguu ya watoto haiishi kukua.

Kodi ya Vermont inayouma kweli ni ya nyumba. Mwaka 1997 mahakama kuu ya jimbo iliamua kwamba mtoto wa mji maskini hawezi kupewa shule duni kwa sababu tu mji wake hauna mali, na bunge likatunga sheria iliyofanya shule zote zilipiwe kutoka mfuko mmoja wa jimbo. Wazo zuri. Ila jimbo zima lina watu 643,000 hivi kwa sensa ya 2020, shule ndogo ndogo ni nyingi, na bili zinapanda. Mwaka 2024 kodi ya majengo kwa ajili ya elimu iliruka kwa wastani wa karibu asilimia 14 kwa mkupuo, gavana Phil Scott alipinga muswada kwa kura yake ya turufu na bunge likampita. Watu walikasirika, na hasira haijaisha.

Nafuu ipo kwa kaya yenye kipato cha hadi dola 115,000, nayo hukokotolewa kwa kuangalia kipato chenu. Nyie, baada ya makato, mko ukingoni kabisa. Kuipata lazima uwe umeishi Vermont mwaka mzima uliotangulia, na kila mwaka ujaze tamko kwamba hiyo ndiyo nyumba unayoishi. Wageni wengi hulisahau tamko hilo. Mwaka wa kwanza, basi, usihesabu nafuu yoyote.

Lakini angalia tofauti iliyopo. Mumeo akikosa kazi Houston, kodi ya jengo na ya duka hazitamuuliza kitu. Akikosa kazi Vermont mkabaki na mshahara wako peke yake, kodi ya mapato inashuka, nafuu ya nyumba inafunguka, na watoto huenda wakaingia kwenye Dr. Dynasaur, bima ya afya ya watoto ya jimbo. Kwa familia ambayo kazi ya mmoja haina uhakika, mimi naona hiyo ni afadhali. Tajiri wa kustaafu na pensheni nono ningemshauri vingine.

Utasikia pia ujanja wa kuishi New Hampshire na kufanya kazi Vermont, kwa sababu huku kwetu hatuna kodi ya mshahara wala ya mauzo. Ujanja huo haufanyi kazi. Mshahara uliochumwa Vermont unatozwa na Vermont hata ukilala kwangu, na kodi yetu ya majengo si ya kuchekea. Watu wa St. Johnsbury huvuka kuja Littleton kununua friji na televisheni, basi.

Sasa gharama ambayo mumeo hajaitaja, na ndiyo mngeigundua mkishahamisha vyombo: kupasha nyumba moto. Vijijini gesi ya bomba hakuna. Nyumba nyingi zinatumia mafuta yanayoletwa na lori na kujazwa kwenye tangi chini ya nyumba, nyingine gesi ya mtungi, nyingine kuni. Tangi la kawaida ni galoni 275. Nyumba ya zamani iliyozibwa vibaya kumaliza galoni 700 au 800 kwa msimu si ajabu. Galoni ikiwa dola tatu na nusu, hizo ni zaidi ya dola 2,400, kubwa kuliko kodi ya mapato tuliyoikokotoa. Kwa hiyo kabla ya kupanga au kununua, omba bili za mafuta za misimu miwili iliyopita. Mwenye nyumba akisita kuzitoa, usiichukue.

Hapo hapo, sikiliza hili. Umeme ukikatika, na huku hukatika theluji ikiangusha miti, jiko la mkaa lisiingie ndani hata kwa dakika ya kuchemsha chai. Jenereta pia ikae nje, mbali na dirisha. Wewe ni nesi, hewa ya kaboni monoksaidi unaijua. Houston hiyohiyo iliua watu Februari 2021. Lakini mama mkwe haijui, na yeye ndiye atakayesema "tuwashe jiko."

Baridi yenyewe. Mwanangu, baridi ya Njombe unaiona asubuhi kwenye majani, saa nne jua limeiondoa. Huku kwenye kona hiyo, usiku wa Januari unaweza kushuka mpaka nyuzi 25 chini ya sifuri na zaidi, na theluji iliyoanguka Desemba unaweza kuikanyaga Machi. Mwili unazoea. Usichokizoea haraka ni giza: katikati ya Desemba jua linazama saa kumi na dakika chache, kwa hiyo ukiingia zamu asubuhi na kutoka jioni, jua utalisikia kwa wagonjwa. Sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji kupimwa vitamini D, watoto pia. Gari liwe na tairi za theluji, zile hasa, si za misimu yote, na lioshwe chumvi chini mara kwa mara kabla kutu haijalila.

Tena kaa mjini. Usishawishiwe na nyumba ya bei nafuu juu ya kilima, kwenye barabara ya udongo. Zaidi ya nusu ya barabara za Vermont hazina lami, na kati ya Machi na Mei barafu ya ardhini inapoyeyuka zinageuka kama njia ya Makete wakati wa masika. Nesi anayetakiwa zamuni alfajiri hana nafasi ya kukwama.

Na kama unakimbia mafuriko, usihamie kwenye mafuriko mengine. Vermont ilizama Julai 2023, mji mkuu Montpelier ukajaa maji, ikazama tena Julai 2024, na tarehe 30 ya mwezi huohuo mvua ya usiku ikabomoa barabara na nyumba St. Johnsbury na Lyndon, hapohapo unapopelekwa. Miji imejengwa mabondeni kandokando ya mito. Tazama ramani ya mafuriko ya mtaa kabla ya kutazama jiko lilivyo.

Sasa mumeo. Nimesoma barua yako mara ya pili nikitafuta sentensi moja kuhusu kazi atakayofanya huko. Sikuiona. Umehesabu mshahara wako, zamu zako, milima yako. Yeye anaambiwa aache ghala, aache wenzake wa Kitanga wa kucheza nao bao, aende mahali ambapo kazi za forklifti ni chache na mwajiri mkubwa ni hospitali ya mkewe. Anaposema kodi, mimi namsikia akisema jambo jingine ambalo mwanaume wa kwetu halisemi kirahisi mbele ya mkewe. Muulize, bila watoto kuwepo, na uwe tayari kwa jibu la hapana. Kisha umpe pa kuanzia: hospitali zenyewe zina kazi za matengenezo, stoo na usafirishaji, na wilaya za shule hulalamika kila mwaka kwamba madereva wa mabasi hawatoshi. Kazi yake iulizie kwa huyohuyo anayekuajiri wewe, kabla hujasaini. Hospitali ndogo inayomtaka nesi sana huwa ina sikio.

Bonasi nayo isikupofushe. Elfu kumi na tano zitakatwa kodi kabla hujaziona, lakini ukiondoka mwaka wa pili unaweza kudaiwa zote. Taka iandikwe kwamba deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi, na kwamba utarudisha ulichopokea mkononi tu. Wakikataa yote mawili, taka mshahara zaidi na bonasi ndogo.

Kuhusu watoto, sitakudanganya. Vermont takriban watu tisa kati ya kumi ni weupe, na kwenye kona hiyo ni zaidi. Mkubwa wako, mwenye miaka 12, ndiye atakayelisikia zaidi kuliko wadogo. Wapo watakaomuuliza maswali ya kijinga kwa nia njema, na wachache kwa nia mbaya. Kwa upande wa pili, darasa lina watoto wachache na mwalimu mkuu atalijua jina lake wiki ya kwanza. Akifika sekondari, mji wa St. Johnsbury hauna shule yake ya umma ya ngazi hiyo. Mji unawalipia watoto wake karo katika St. Johnsbury Academy, ambako wapo wanafunzi wa bweni kutoka nchi nyingi. Hiyo ni shule ambayo wazazi wa nchi nyingine wanalipa fedha nyingi kuipata. Mdogo akitimiza mitatu ana haki ya saa kumi kwa wiki za chekechea zinazolipwa na umma, na tangu sheria ya 2023 ruzuku ya malezi inafika mpaka familia za kipato chenu. Tatizo ni nafasi. Jiandikishe kwenye orodha ya kusubiri kabla hujafunga masanduku.

Kiswahili chenyewe kipo, ila kiko Burlington na Winooski, mwendo wa saa moja na nusu. Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali Wabantu, wote hao utawakuta, pamoja na unga, maharage na wasusi. Kuna na jumuiya inayoitwa Association of Africans Living in Vermont. Ukiniuliza mimi, kama hospitali ya Burlington nayo ina nafasi, omba huko kwanza, hata kama nyumba ni ghali na haba zaidi. Mumeo atapata kazi haraka, na Jumapili hamtakuwa ninyi watano tu.

Kama bado ni St. Johnsbury, basi fanyeni hivi. Rudini wote wawili, mwezi wa Februari, si Oktoba. Oktoba kila mtu anaipenda Vermont, hoteli zinajaa. Mkaridhika, pangeni kwanza, msinunue mpaka mmemaliza majira yote ya baridi. Nyumba ya Houston msiiuze kwa hasira ya Beryl. Mkopo wa 2019 una riba ambayo leo hamtaipata. Mkiipangisha mtapoteza punguzo la kodi la mkaazi na itabidi mbadili bima, na pango hilo Vermont italihesabu kama kipato chenu, kwa hiyo piga hesabu kwanza. Lakini sheria ya serikali kuu inawaruhusu wanandoa kuuza bila kodi kwenye faida ya hadi dola 500,000 kama mmeishi humo miaka miwili kati ya mitano ya mwisho. Mna karibu miaka mitatu ya kufikiri.

Leseni yako ya unesi ya Texas, kama ni ile ya majimbo mengi, itakuruhusu kuanza, maana Vermont iliingia kwenye makubaliano hayo 2022. Ukishahamisha makazi una siku 60 za kuomba ya Vermont. Na mkienda kubadili leseni za udereva, asiye raia awe macho: jimbo hilo huandikisha wapiga kura hapohapo dirishani. Jibu kwamba si raia, soma kila kisanduku kabla ya kutia saini. Utasikia kwamba Winooski, Burlington na Montpelier huruhusu wasio raia kupiga kura za mji. Ni kweli, na ni kura za mji tu. Jina lako likiingia kwenye daftari la uchaguzi wa taifa, unaweza kuupoteza uraia kabla hujaupata.

Mama mkwe mleteni Juni. Atakuta mboga bustanini, jua mpaka saa mbili na nusu usiku, na majirani watakaomletea sharubati tamu ya mti wa mepo (maple) asijue aifanye nini. Mkatieni bima ya safari ya afya kabla hajapanda ndege. Tiketi ya kurudi Tanga iwe ya mwisho wa Oktoba, na msibadilishe tarehe hata akisema anataka kuiona theluji.

Shangazi yako